Buldogi katika Joto la Imbo

Mbwa ambaye umbo lake limechaguliwa na binadamu kwa ajili ya kutazamwa huzaliwa na deni, na deni hilo hulipwa kwanza na mwili wake mwenyewe kabla halijaufikia mfuko wa anayemfuga. Buldogi wa Kiingereza, mwenye kichwa kipana, pua iliyobonyea, ngozi ya makunjo na miguu mifupi iliyoachana, pamoja na buldogi wa Kifaransa aliye mdogo zaidi na mwenye masikio yaliyosimama, ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa deni hilo, kwa kuwa maradhi mengi yanayowasumbua yanatokana na yale yale yanayowafanya wapendwe. Hoja ya makala haya ni kwamba katika Bujumbura, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika wenye joto la mwaka mzima, umeme wa kukatikakatika na madaktari wa mifugo walioelemewa na kazi ya ng'ombe na mbuzi, deni hilo halina njia ya kulipwa hata na mtu mwenye fedha nyingi, na kwa sababu hiyo buldogi hafai kuletwa mjini humo, wala kuzalishwa humo.

Bujumbura imelala katika uwanda wa Imbo, ukanda wa chini wa magharibi mwa Burundi, kwenye mwinuko wa takriban mita 775 juu ya usawa wa bahari mahali mji unapogusana na ziwa, ilhali sehemu kubwa ya nchi imekaa juu ya vilima vyenye ubaridi vya zaidi ya mita 1,500. Joto la mchana huzunguka nyuzi 29 hadi 31 za Selsiasi karibu miezi yote, na unyevu unaotoka ziwani huifanya hewa iwe nzito, hasa katika majira ya mvua. Binadamu hulikabili joto hilo kwa kutoa jasho mwili mzima. Mbwa hana uwezo huo, kwani tezi zake za jasho zinazoweza kumpoza zimo katika nyayo tu na mchango wake ni mdogo. Yeye hutegemea kuhema, yaani kupitisha hewa kwa kasi juu ya ulimi na ndani ya pua ili maji yaliyopo hapo yageuke mvuke na kuondoka na joto. Hewa ikiwa tayari imejaa unyevu, mvuke huo hutoka kwa taabu hata kwa mbwa mwenye pua ndefu na mapafu mazima, na kwa buldogi taabu hiyo huongezeka maradufu kwa sababu ya jinsi kichwa chake kilivyojengwa.

Wataalamu wa mifugo huliita fuvu la namna hii fuvu fupi, wakimaanisha kwamba mifupa ya uso imefupishwa na uzalishaji wa kuchagua, ilhali nyama laini zilizokusudiwa kuujaza uso mrefu hazikupungua kwa kiasi hicho hicho. Matokeo yake ni tundu za pua zilizobanwa hadi zikawa kama mistari, kaakaa laini, ambalo ni sehemu ya nyuma ya paa la kinywa isiyo na mfupa, lililo nene na refu mno kiasi cha kuning'inia kwenye mlango wa zoloto, ulimi uliozidi nafasi yake, na kwa buldogi wa Kiingereza, mara nyingi, bomba la pumzi lililo jembamba kuliko mwili wake unavyohitaji. Mnyama aliyejengwa hivi hulazimika kuvuta kila pumzi kwa nguvu, na nguvu hiyo ikirudiwa kwa miezi na miaka huvimbisha tishu za koo na kuzilegeza kuta za zoloto, hadi kinachoanza kama hitilafu ya kuzaliwa kinageuka ugonjwa unaozidi kukua. Mkusanyiko huu wa kasoro ndio unaoitwa ugonjwa wa kuziba kwa njia ya hewa wa mbwa wenye fuvu fupi. Mkoromo ambao wageni huucheka sebuleni ni sauti ya hewa inayopigania kupita.

Hapo ndipo joto linapokuwa hatari ya kifo. Buldogi anapohema ili ajipoze, misuli yake ya kupumua hufanya kazi kubwa ambayo yenyewe huzalisha joto, tishu za koo huvimba kwa msuguano, njia ya hewa huzidi kufinyika, na mnyama huhema kwa nguvu zaidi bila kupata nafuu. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi. Likipita 41 huanza hali iitwayo kiharusi cha joto, ambamo ubongo, figo, utumbo na mfumo wa kuganda kwa damu huharibika, na dakika zinazopita kabla ya kupozwa ndizo zinazoamua kama atapona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwa kutumia kumbukumbu za zahanati za mifugo nchini Uingereza ulikuta kwamba uwezekano wa buldogi wa Kiingereza kupata maradhi ya joto ni takriban mara 14 ya ule wa mbwa aina ya Labrador, na ikumbukwe kwamba huo ni utafiti wa nchi ambako nyuzi 30 ni joto la siku chache za kiangazi. Katika Imbo, nyuzi 30 ni hali ya siku ya kawaida.

Kuna mfano mmoja unaojulikana sana wa gharama ya kumfuga buldogi mahali penye joto, nao unatoka katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Chuo Kikuu cha Georgia kimekuwa na buldogi mweupe kama nembo hai ya timu yake ya mpira wa Kimarekani tangu mwaka 1956, na kila mmoja katika nasaba hiyo hupewa jina la Uga pamoja na namba yake. Uwanjani mbwa huyo amejengewa kibanda chenye kiyoyozi, na siku za joto hulazwa juu ya mifuko ya barafu ili aweze kuumaliza mchezo akiwa hai. Pamoja na matunzo hayo yote, Uga wa saba alikufa kwa maradhi ya moyo mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka minne tu, na wa nane alikufa kwa saratani mwaka 2011 kabla ya kufikisha miaka miwili. Hao ni mbwa waliokuwa chini ya uangalizi wa madaktari wa daraja la juu, katika nchi tajiri kuliko zote, wakipendwa na jimbo zima. Ikiwa hayo ndiyo yaliyowafika wao, msomaji anaweza kupima mwenyewe matumaini ya buldogi wa mitaa ya Kinindo au Kiriri mjini Bujumbura katika mchana ambao Regideso, shirika la maji na umeme la Burundi, limekata umeme na jenereta haina mafuta.

Umbo hili halikutokea zamani za kale, kama wauzaji wanavyopenda kudokeza. Mababu wa buldogi walitumiwa nchini Uingereza katika mchezo wa kikatili wa kumng'ang'ania fahali aliyefungwa, na ili mbwa aishi katika mchezo huo alihitaji kuwa mwepesi, mwenye pumzi na mwenye miguu ya kumbeba. Mchoro wa mwaka 1817 uitwao Crib and Rosa, uliochorwa na Abraham Cooper, unaonyesha buldogi wawili wenye pua inayoonekana wazi na miguu mirefu kiasi, ambao mtu wa leo angewachukua kuwa ni mbwa wa aina nyingine kabisa. Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku mchezo huo mwaka 1835, kazi ya buldogi ilikwisha, na kilichomwokoa asitoweke ni mashindano ya maonyesho ya mbwa yaliyoshamiri baada ya katikati ya karne ya 19. Klabu ya buldogi iliundwa mwaka 1875 ikiwa na maandishi ya viwango vya umbo, na tangu hapo mbwa aliyewahi kuchaguliwa kwa kazi akawa anachaguliwa kwa sura, kizazi baada ya kizazi, mpaka uso ukarudi nyuma ya taya. Waliofanya hivyo hawakuwa na nia ya kumdhuru, na wengi wao walimpenda kwa dhati, lakini upendo huo ulielekezwa kwenye picha ya mbwa kuliko kwenye mapafu yake.

Takwimu za siku hizi zinaonyesha picha hiyo iligharimu nini. Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Mifugo cha London kilichapisha mwaka 2022 matokeo ya kulinganisha buldogi wa Kiingereza 2,662 na mbwa wengine 22,039, na kikakuta kwamba buldogi walikuwa na uwezekano mara mbili wa kuwa na angalau ugonjwa mmoja katika mwaka, huku uvimbe wa ngozi ndani ya makunjo ukiwapata mara 38 zaidi, tezi ya kope la tatu kuchomoza nje mara 26 zaidi, na kuziba kwa njia ya hewa mara 19 zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo kuhusu umri wa kuishi nchini Uingereza ulikadiria kwamba mbwa kwa wastani anaweza kutarajiwa kuishi miaka 11 na kidogo, ilhali buldogi wa Kiingereza hutarajiwa kuishi miaka saba na kidogo, na wa Kifaransa miaka minne na nusu. Takwimu hiyo ya mwisho imepunguzwa kwa kiasi fulani na wingi wa mbwa wachanga wa aina hiyo iliyopata umaarufu ghafla, lakini hata ikisahihishwa inabaki ya kusikitisha. Katika kumbukumbu za taasisi ya Marekani inayopima viungo vya mbwa kwa picha za eksirei, takriban buldogi saba kati ya kila kumi waliopimwa wana hitilafu ya nyonga, yaani kiungo cha paja kisichokaa sawasawa ndani ya tundu lake. Hata mkia uliojipinda kama parafujo ni alama ya ugonjwa, kwa maana watafiti walionyesha mwaka 2018 kwamba unahusiana na badiliko katika jeni moja inayoongoza ukuaji wa mifupa ya uti wa mgongo na uso, badiliko linalofanana na lile linalosababisha kasoro adimu ya maumbile kwa binadamu.

Kuzaa nako kumekuwa jambo la chumba cha upasuaji. Kichwa cha mtoto wa buldogi ni kipana na nyonga ya mama ni nyembamba, hivyo uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu mbwa wa ukoo nchini Uingereza ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mizao ya buldogi wa aina zote mbili ilipatikana kwa upasuaji wa kujifungulia. Mara nyingi hata mimba yenyewe hutungwa kwa mbegu kupandikizwa na binadamu, kwa kuwa dume aliye mzito wa kifua na mfupi wa pumzi hushindwa kupanda. Mnyama ambaye kizazi chake kingekatika ndani ya miaka michache kama asingekuwapo daktari mwenye kisu ni mnyama aliyefikishwa mbali na maumbile kwa namna inayopaswa kumsumbua kila anayempenda, na ni vigumu kuona kwa nini jambo hili husemwa kwa sauti ya chini mbele ya wanunuzi.

Linalozuia mabadiliko zaidi ni mazoea ya macho. Watafiti wa chuo hicho hicho cha London waliwauliza mwaka 2012 wenye mbwa waliothibitika kuwa na dalili za kuziba kwa njia ya hewa kama mbwa wao wana tatizo lolote la kupumua, na zaidi ya nusu wakajibu kwamba hawana, kwa kuwa waliichukua sauti ile, kukosa pumzi baada ya hatua chache na kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa juu ya mto kuwa ni tabia ya kawaida ya aina hiyo. Simu za mkononi zimeyapa nguvu mazoea hayo, kwa sababu video ya buldogi anayelala ameketi, akisinzia na kuamka, husambazwa kama kichekesho, wakati mnyama huyo huenda analala hivyo kwa sababu akijilaza kaakaa humziba. Buldogi wa Kifaransa alitangazwa kuwa mbwa aliyesajiliwa kwa wingi kuliko wote nchini Marekani kwa mwaka 2022, akiishinda Labrador iliyoshika nafasi hiyo kwa miaka 31, na sura yake hufika katika simu za vijana wa mtaa wa Rohero mjini Bujumbura siku ile ile inapofika kwa vijana wa New York, bila kuandamana na bei ya upasuaji.

Baadhi ya nchi zilizowalea mbwa hawa zimeanza kujiuliza kama sheria inapaswa kuruhusu. Uholanzi imeweka kipimo kinachozuia kuzalisha mbwa ambaye pua yake ni fupi kuliko takriban thuluthi moja ya urefu wa fuvu, na kipimo hicho kilianza kutumika kwa ukali mwaka 2019. Nchini Norwei, mahakama ya wilaya ya Oslo iliamua Januari 2022 kwamba kuzalisha buldogi wa Kiingereza, pamoja na aina nyingine ndogo ya mbwa, ni kuvunja sheria ya ustawi wa wanyama. Mahakama ya rufani ikatengua uamuzi huo kwa upande wa buldogi mwezi Novemba mwaka huo, lakini ikaudumisha kwa aina hiyo nyingine, na mahakama ya juu ikathibitisha marufuku ya aina hiyo Oktoba 2023. Ubishi wa mahakamani haujaisha, ila umekwisha kuhamisha swali kutoka kwenye ladha ya mnunuzi hadi kwenye haki ya mnyama ya kuzaliwa na mwili unaoweza kupumua.

Kwa mtu wa Bujumbura, gharama huanza kabla mbwa hajafika. Katika masoko ya Ulaya na Marekani mtoto wa buldogi mwenye hati huuzwa kwa maelfu ya dola, na safari ya ndege hadi Uwanja wa Kimataifa wa Melchior Ndadaye ni hatari peke yake. Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilipohesabu mwaka 2010 vifo vya mbwa vilivyotokea safarini katika miaka mitano iliyotangulia, ilikuta vifo 122, na karibu nusu ya waliokufa walikuwa wa aina zenye uso mfupi, buldogi wa Kiingereza wakiongoza kwa vifo 25. Tangu hapo mashirika mengi ya ndege hukataa kuwabeba katika sehemu ya mizigo au huwawekea masharti makali ya majira na joto, kwa hiyo njia iliyobaki mara nyingi ni ya kuzunguka na ya bei kubwa. Aliyemleta kutoka Ubelgiji na akataka siku moja kurudi naye atakuta mlango mwingine, kwani Burundi haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unaamini hali yake ya kichaa cha mbwa, na kwa ajili hiyo mbwa lazima achomwe sindano ya chanjo, apimwe damu angalau siku 30 baadaye katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo ili ionekane kama kinga imefikia kiwango kilichowekwa, na kama hakupimwa hivyo kabla ya kuondoka Ulaya, asubiri miezi mitatu kabla ya kuruhusiwa kuingia.

Akishafika, kila alichozaliwa nacho kinagongana na mji. Makunjo ya uso na mkia, ambayo hata London ya baridi huvimba na kuoza, katika unyevu wa ziwani huwa makazi ya kuvu na vijidudu, na hayana budi kusafishwa na kukaushwa kila siku. Nzi wa Afrika ya Mashariki na ya Kati ambaye funza wake huchimba ngozi ya mbwa na ya watu wanaovaa nguo zilizoanikwa bila kupigwa pasi hupata mwili wa kutosha katika ngozi hiyo iliyolegea, na kupe huleta maradhi ya damu ambayo mbwa wa kienyeji wamezaliwa miongoni mwake na mgeni hana uzoefu nayo. Upungufu mkubwa wa mafuta ulioikumba Burundi kwa vipindi virefu katika miaka ya hivi karibuni humaanisha kwamba gari la kumkimbiza mbwa mwenye kiharusi cha joto linaweza kuwa halina petroli wakati ule ambao kuchelewa kidogo huamua kila kitu. Na tangu Benki ya Jamhuri ya Burundi iliposhusha thamani ya faranga Mei 2023, hata bei rasmi ya dola ikapanda kwa zaidi ya thuluthi moja, kila dawa na kila mfuko wa chakula cha mbwa kinachotoka nje umekuwa na bei nyingine.

Upasuaji wa kupanua tundu za pua na kufupisha kaakaa, ambao katika nchi za Magharibi hugharimu kuanzia dola elfu moja na kuendelea, si jambo la kukosa fedha peke yake. Mbwa mwenye fuvu fupi anapolazwa kwa nusukaputi huhitaji mpira wa kupitishia hewa ubaki kooni mpaka aamke kabisa, oksijeni ya kudumu, na mtu wa kumkesha usiku ule, kwa sababu uvimbe wa baada ya kisu unaweza kumziba kabisa. Madaktari wa mifugo wa Burundi ni watu wa kazi nzito na ya lazima. Ndio waliokabiliana na sotoka ya mbuzi na kondoo ilipoingia nchini miaka ya 2017 na 2018, na ndio waliosimama mbele ya homa ya Bonde la Ufa mwaka 2022, wakati usafirishaji wa mifugo uliposimamishwa na wafugaji wakakosa soko. Kuwadai wawe pia wapasuaji wa makaakaa ya buldogi ni kuwakosea. Katika nchi ambayo pato la mwaka la kila mtu, kwa hesabu za Benki ya Dunia, halifiki dola 300, tiba moja ya mnyama wa namna hii humeza kipato cha miaka ya mkulima wa Bubanza, na hata anayemudu kuilipa hana mahali pa kuinunua karibu.

Zaidi ya hayo, mbwa katika mji huu anajulikana kwa kazi yake. Hukaa uani, hulinda lango usiku, na hupewa kibanda chake nje ya nyumba ya watu. Buldogi hawezi kuishi hivyo. Kwa kuwa joto la nje linamuua, ni lazima alale ndani chini ya feni au kiyoyozi, na kwa hiyo mlinzi anageuka kuwa mtu wa kulindwa. Katika Buyenzi, mtaa wenye Waislamu wengi na wenye Kiswahili cha asili, suala hilo lina uzito wa pekee, kwani madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki huruhusu mbwa wa ulinzi na wa kuwinda, ila huhesabu mate yake kuwa najisi ambayo chombo kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Na buldogi, ambaye midomo yake iliyoning'inia haizuii udenda, ndiye mbwa aliye mgumu kuliko wote kuwekwa sebuleni na watu wa namna hiyo. Hata ziwa lenyewe si kimbilio. Wapo watakaodhani kwamba Jumapili ya kumpeleka mbwa ufukwe wa Saga kuogelea ni dawa ya joto, kumbe buldogi, mwenye kichwa kizito mbele na miguu mifupi, huzama kwa urahisi na kwa kimya, na hapaswi kuachwa karibu na maji ya kina bila koti la kuokolea.

Watetezi wa aina hii husema, na wanasema kweli, kwamba buldogi ni mpole, anavumilia watoto, habweki ovyo na humfuata bwana wake kwa uaminifu wa kugusa moyo. Huongeza kwamba wapo wazalishaji makini wanaopima njia ya hewa kabla ya kuzalisha, na kwamba klabu kuu ya mbwa ya Uingereza ilirekebisha maandishi ya viwango mwaka 2009 ili kuondoa sifa zinazochochea kupita kiasi. Upole huo haubishaniwi. Ila ndio unaofanya jambo liwe zito zaidi, kwa kuwa mnyama asiyelalamika huonekana ameridhika, na uvumilivu wake hugeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Kuhusu uzalishaji makini, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha mwaka 2016, kwa kuchunguza vinasaba vya buldogi wa Kiingereza, kwamba aina hii imebakiwa na utofauti mdogo sana wa kijeni, kiasi kwamba ni shaka kama inaweza kurudishwa kwenye afya kwa kuchagua miongoni mwa walio ndani yake tu. Damu mpya ingehitajika kutoka nje ya daftari la ukoo, na wengi wa wenye madaftari hawataki kusikia hilo.

Wenye mbwa wa Afrika ya Kati wana la kusema hapa, kwa maana jambo hilo limewahi kufanyika, na damu mpya ilitoka jirani. Basenji, mbwa wa uwindaji wa misitu ya Kongo asiyebweka kama wengine, alichukuliwa kwenda Ulaya na Marekani katika miaka ya 1930 kutoka mbwa wachache mno, na baada ya miongo kadhaa ya kuzalishwa ndani ya duara dogo akaandamwa na ugonjwa wa figo unaopoteza sukari na madini ya mwili katika mkojo. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wakawachukua mbwa wa vijijini ambao hakuna hakimu wa maonyesho aliyewahi kuwapima, na mwaka 1990 daftari la ukoo la Marekani likafunguliwa ili mbwa hao waingizwe. Mbwa ambao wengine wangewaita wasio na ukoo ndio waliokuja kuusaidia ukoo.

Mbwa wa kienyeji wa Burundi, mwenye nywele fupi, pua ndefu, miguu ya kukimbia na mkia uliopindika juu, ni jamaa wa karibu wa mbwa hao. Hajachaguliwa na jopo lolote ila na jua, njaa, kupe na kazi, na kila mmoja aliyeko leo ametoka kwa mama aliyezaa bila kisu. Anahitaji chakula, maji, chanjo ya kichaa cha mbwa na ya maradhi ya watoto wa mbwa, dawa ya minyoo na ya kupe, na kivuli. Hivyo vyote pamoja kwa maisha yake yote havifikii bei ya tiketi ya ndege ya buldogi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo hutosha kuukata mnyororo wa maambukizi. Katika kisiwa cha Pemba, kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 2010 ziliumaliza ugonjwa huo, na uliporudishwa na wanyama walioingia kutoka nje mwaka 2016 zikaumaliza tena. Mwenye nyumba wa Kanyosha mjini Bujumbura anayetaka kutumia fedha kwa ajili ya mbwa angeweza, kwa gharama ya buldogi mmoja, kuwachanja mbwa wa mtaa mzima kwa miaka mingi, na watoto wanaopita njiani kwenda shule ndio wangekuwa wa kwanza kufaidika.

Aliyekwisha kuwa na buldogi mjini humu hana sababu ya kumwacha wala kumwonea aibu, kwa sababu mbwa huyo hakuchagua uso wake, na yapo mambo ya kumpunguzia taabu ambayo hayahitaji fedha nyingi. Uzito ndio wa kwanza, kwani mafuta ya shingoni huibana njia ya hewa zaidi, na mbavu zake zinapaswa kugusika chini ya kiganja bila kutafutwa. Matembezi yawe kabla ya jua kuchomoza au baada ya magharibi, kwa mkanda wa kifuani badala ya ukosi wa shingoni, na yasimamishwe mara sauti ya pumzi inapopanda. Akionekana ulimi umegeuka zambarau, udenda umekuwa mzito na miguu inayumba, amwagiwe maji ya kawaida mwili mzima papo hapo na apepewe, kabla ya kumtafuta daktari na wakati wa kumpeleka. Makunjo yafutwe na kukaushwa kila siku, matandiko yake yapigwe pasi, na nyumba iwe na chumba kimoja chenye kivuli na sakafu ya saruji ambayo hubaki baridi umeme unapokatika. Na jike au dume, ahasiwe mapema na daktari anayejua kumlaza kwa usalama mbwa wa fuvu fupi, hata kama itabidi kusubiri mtaalamu au kusafiri hadi Kampala au Nairobi, ili mwili huo usirithishwe mnyama mwingine atakayezaliwa katika joto la Imbo.